Utumbo Unapougua, Nani Anazitazama Figo?

Karatasi ya maabara ina mstari unaosema kreatinini, na mbele yake 80. Pembeni kimechapwa kiwango cha kawaida, 60 hadi 110. Hakuna mshale wa kupanda wala nyota ya tahadhari. Mama anaikunja na kuitia mkobani, daktari ameshaandika "kawaida" kwenye faili, na mazungumzo yanarudi yalikokuwa: leo kaenda choo mara ngapi, damu ipo bado, tumbo linamsokota usiku?

Tuseme mtoto mwenyewe ana miaka 10 na urefu wa sentimita 125. Darasani ni miongoni mwa wafupi kabisa, kwa sababu utumbo wake umekuwa umevimba kwa miaka miwili na chakula hakimkai. Ile 60 hadi 110 ni ya mwanamume mzima. Maabara nyingi huchapa kiwango kimoja kwa kila anayeingia mlangoni, awe dereva wa lori au mwanafunzi wa darasa la nne.

Kreatinini ni taka ya misuli. Misuli huizalisha kila siku kulingana na wingi wake, nazo figo huitoa kwenye damu na kuimwaga kwenye mkojo. Kwa hiyo kiwango chake katika damu husema mambo mawili kwa pamoja: figo zinachuja kiasi gani, na mtu ana misuli kiasi gani. Mwanamume wa kilo 75 mwenye 80 hana la kuogopa. Kwa watoto kuna kanuni ya kukadiria uchujaji wa figo, aliyoianzisha daktari George Schwartz miaka ya 1970, ikarekebishwa 2009: zidisha urefu wa mtoto kwa 36.5, kisha gawanya kwa kreatinini iliyopimwa kwa mikromoli. Hapa ni 125 mara 36.5, gawanya kwa 80. Jibu ni 57. Mtoto mwenye figo nzima hutarajiwa kupata 90 au zaidi. Hata ukimpimia kwa kiwango cha chini kabisa cha kawaida, zaidi ya theluthi ya kazi ya figo imepotea, na karatasi inasema kawaida. Tena kanuni yenyewe inampendelea: kama amekonda hadi misuli imeyeyuka, kreatinini anayozalisha ni kidogo kuliko ya mtoto mwingine wa urefu huo, basi hata hiyo 57 ina sifa isiyostahili.

Uvimbe sugu wa utumbo hauishii kuzidhuru figo za mtoto. Pia unazifunika zisionekane. Amepungukiwa damu? Si anatokwa na damu chooni. Amedumaa? Hali vizuri, na anameza prednisoloni, dawa ya uvimbe inayodumaza. Amechoka, ana kichefuchefu, hataki chakula? Ndio ugonjwa wake huo. Kila dalili ambayo figo inayoshindwa ingeitumia kubisha hodi, utumbo umekwisha kuidai kuwa ni yake. Na figo hazina subira isiyo na mwisho. Kila moja huwa na vichujio vidogo, nefroni, vinavyokadiriwa kufika milioni moja, na vyote hukamilika kabla mtoto hajatimiza miezi tisa tumboni. Baada ya hapo haviongezeki. Mzee wa miaka 70 aliyepoteza theluthi anaweza kumalizia nazo maisha yake. Mwenye miaka 10 anatakiwa azitumie kwa miaka mingine 60.

Maradhi yenyewe yamegawanyika mafungu mawili makubwa. Kolitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana, ikianzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu. Samuel Wilks wa London aliieleza mwaka 1859. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika popote kuanzia mdomoni, lakini hupenda mwisho wa utumbo mwembamba, na ulipata jina kutokana na maandishi ya Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, mwaka 1932. Hakuna kijidudu kimoja kilichopatikana kuwa ndicho chanzo. Kinga ya mwili, kwa mtu aliyerithi mwelekeo huo, hugeuka kupigana na ukuta wa utumbo wake na bakteria wanaoishi humo. Takriban robo ya wagonjwa hugundulika kabla ya kufika miaka 20.

Ni maradhi yanayojulikana zaidi Ulaya Kaskazini na Amerika Kaskazini. Kanada iko miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaougua. Lakini imeonekana huko kwamba mtoto wa mhamiaji, akizaliwa na kukulia Kanada, anaweza kuibeba hatari ya nchi aliyozaliwa badala ya ile ya nchi ya wazazi wake. Familia ya Kiswahili iliyoko Toronto au London haina sababu ya kusema huu si ugonjwa wetu. Huku Afrika Mashariki, kadiri vifaa vya kuchungulia utumbo vinavyoongezeka ndivyo wagonjwa wanavyozidi kuonekana, na si rahisi kutenga walioongezeka kweli na waliokuwapo siku zote bila jina.

Ubishi mkubwa katika uwanja huu unahusu dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Nanna Svartz, daktari wa Stockholm, alikuwa akitafuta tiba ya baridi yabisi, maradhi ya viungo ambayo wakati ule yalidhaniwa kuletwa na bakteria. Akaunganisha dawa ya salfa na kitu cha jamii ya aspirini, ili moja iue vijidudu na nyingine itulize uvimbe. Wagonjwa waliokuwa na kolitisi wakapata nafuu ya tumbo, na mwaka 1942 akachapisha matokeo yake. Salfasalazini bado inatumika hadi leo; ndiyo inayogeuza mkojo ukawa na rangi ya chungwa na kuwatia wazazi hofu ya bure. Mwaka 1977, huko Oxford, Azad Khan, Piris na Truelove waliwapa wagonjwa sehemu zake mojamoja na kuonyesha kwamba inayotibu ni ile ya jamii ya aspirini, mesalazini. Salfa ilikuwa mbebaji tu, na mbebaji mwenye madhara mengi. Basi ikaonekana busara kumwacha mbebaji na kuifunga mesalazini ndani ya vidonge vyenye ganda linaloyeyuka mbali, ndani ya utumbo.

Maumivu ya kichwa na vipele vya salfa vikapungua. Likabaki jambo ambalo halikutazamwa sana mwanzoni. Mesalazini kwa umbo lake la kikemia ina undugu na aspirini upande mmoja, na upande wa pili na fenasetini, dawa ya maumivu iliyoondolewa katika soko la Marekani mwaka 1983 baada ya kuharibu figo za watu wengi. Sehemu inayofyonzwa hutoka mwilini kupitia figo. Taarifa za wagonjwa walioharibika figo wakiwa kwenye mesalazini zikaanza kukusanyika, na picha yake ilikuwa ileile: kinga ya mwili imevamia nafasi iliyo kati ya mirija midogo ya figo, mirija inakufa, na mahali pake panabaki kovu.

Uvimbe huu wa mirija una ukimya wa kuudhi. Mara nyingi hakuna homa, hakuna maumivu ya kiuno, mkojo unatoka kwa wingi kama jana. Wala haufuati dozi. Anayemeza gramu nne kwa siku anaweza kupita salama, anayemeza moja akaangukia humo, kwa sababu ni suala la kinga kuikataa dawa, wala si sumu kujaa taratibu. Hutokea zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, ingawa wapo walioupata miaka kadhaa baadaye. Makadirio ya ukubwa wake yanapishana sana: hesabu moja ya Uingereza ilitoa mgonjwa 1 kwa kila 4,000 kwa mwaka, na mapitio ya mwaka 2007 yakatoa wastani wa 2 au 3 kwa kila 1,000. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wanaopata madhara haya wana alama fulani ya urithi katika sehemu ya jeni zinazosimamia kinga, lakini alama hiyo wanayo pia watu wengi wasiodhurika, hivyo haijafaa kuwa kipimo cha kumchagua nani apewe dawa na nani anyimwe.

Je, ni dawa kweli? Hapo wanasayansi hugawanyika. Protini ndogondogo zinazovuja mirija inapoumia zimekutwa kwenye mkojo wa wagonjwa ambao hawajawahi kumeza mesalazini, tena huongezeka utumbo unapochacha na kupungua unapotulia. Kwenye ugonjwa wa Crohn, mara chache sana, figo hukutwa na vifundo vya uvimbe vinavyofanana na vile vya utumboni. Basi ugonjwa wenyewe unaweza kufika kwenye figo bila kubebwa na kidonge. Tatizo la hesabu zote za aina hii ni kwamba mwenye utumbo mbaya zaidi ndiye anayepewa dawa nyingi zaidi. Ukikuta figo zake zimechoka hujui umkamate nani shati. Njia ya kuwatenganisha watuhumiwa ni kongwe: simamisha dawa, subiri, pima tena, na ikibidi, chukua kipande kidogo cha figo kwa sindano kikatazamwe kwa hadubini. Kreatinini ikishuka baada ya dawa kusimama, jibu limepatikana. Ila jibu hilo lina saa yake. Waliogunduliwa ndani ya miezi michache hupona kwa sehemu kubwa. Waliogunduliwa baada ya mwaka mmoja na nusu, wengi hubaki na kovu, na baadhi yao huishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Sioni sababu ya kumtisha mzazi mwenye mtoto wa kolitisi ya vidonda aitupe mesalazini. Kwake inafanya kazi, na utumbo usiotibiwa ni hatari iliyo karibu zaidi. Ninaloliona gumu kulitetea ni kuwapa kwa miaka watoto wenye Crohn, ambao ushahidi kwamba inawasaidia ni dhaifu, eti kwa sababu ni dawa nyepesi. Wepesi huo umepimwa kwa mizani ya utumbo peke yake. Kwa mtoto wa Crohn kuna njia ambayo haiziumizi figo kabisa: lishe maalumu ya kimiminika peke yake, bila chakula kingine, kwa wiki 6 hadi 8, na Ulaya ndiyo inayotangulizwa. Inachosha, mtoto anaichukia, nyumba nzima inajificha kula. Lakini inatuliza utumbo na kurudisha kilo.

Huku kwetu mtoto wa namna hii hupitia milango mingine kabla hajafika kwa daktari wa utumbo, na kila mlango una hatari yake kwa figo. Mlango wa kwanza ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Tanzania nzima inalijua neno hili. Mtu anaumwa kichwa, anapimwa mkojo, anarudi nyumbani na UTI. Figo yenye uvimbe wa mirija humwaga chembe za usaha kwenye mkojo bila kuwapo bakteria hata mmoja. Maabara ndogo inaona usaha na kuandika UTI, duka la dawa linatoa siprofloksasini, na wiki tatu baadaye usaha bado upo, inaandikwa UTI sugu. Kuotesha mkojo, yaani kuuweka kwenye chombo na kusubiri kama bakteria watamea, kungemaliza ubishi kwa siku mbili tatu. Siprofloksasini nayo imo katika orodha ya dawa zinazoweza kuwasha uvimbe uleule wa mirija. Akitoka sehemu za ziwani au pwani, damu kwenye mkojo wake itasomwa kuwa kichocho, na mara nyingi itakuwa kichocho kweli. Ndiyo maana kazi hii ni ngumu. Anayekisia kichocho huko hafanyi ujinga.

Mlango wa pili ni kifua kikuu. TB ya tumbo na Crohn hupenda pahali pamoja, pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, na hata kipande cha nyama kikitazamwa vifundo vyake hufanana. Katika nchi yenye TB nyingi, daktari anayeanza na dawa za TB ana haki. Ila ndani ya dawa hizo imo rifampisini, inayojulikana kusababisha uvimbe wa mirija ya figo, hasa mgonjwa anapoiacha kisha akaianza upya. Mtoto aliyehara mwaka mzima, akapewa dawa za TB, akaziacha kwa kuwa hazimsaidii, akarudishiwa tena kwa karipio, amepita kwenye njia yenye mtego huo.

Mlango wa tatu hauna daktari. Tumbo linauma, viungo vinauma, kwa kuwa magoti nayo huvimba katika maradhi haya, basi mtoto anapewa diklofenaki au ibuprofeni. Jamii hii ya dawa hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na kwa mtoto anayehara na kuishiwa maji mishipa hiyo ndiyo tegemeo lake la mwisho. Dawa hizo pia zinaweza kuchochea utumbo wenyewe. Paracetamoli haina mashtaka haya mawili.

Uhusiano wa kuhara damu na figo wenyewe si habari ngeni barani kwetu. Bakteria mkali wa kuhara damu, Shigella wa aina ya kwanza, amewahi kuwaangusha watoto kwa kuzivunja chembe za damu na kuzima figo ndani ya siku chache. Ila huo ni msiba wa ghafla unaoonekana na kila mtu wodini. Huu ninaouzungumzia huenda polepole, mtoto akiwa anahudhuria shule.

Kati ya madhara ya Crohn kwenye figo, mawe ndiyo yenye hadithi nzuri zaidi ya kikemia, tena inafika hadi jikoni. Vyakula vingi vya mimea vina oksaleti. Kwa mtu mwenye afya, kalsiamu ya chakula hukutana na oksaleti ndani ya utumbo, vinashikana, na kwa kuwa pamoja haviyeyuki, vinatoka na kinyesi. Mwisho wa utumbo mwembamba ukiharibika au ukikatwa kwa upasuaji, nyongo hairudishwi mwilini kama inavyopasa na mafuta hayafyonzwi. Mafuta hayo yanaikamata kalsiamu na kuwa kama sabuni. Oksaleti inabaki mjane, haina wa kushikana naye, inateremka hadi utumbo mpana, na huko inakuta ukuta uliolegezwa na nyongo iliyopotea njia. Inapenya, inaingia kwenye damu, na figo zinalazimika kuitoa. Ndani ya mkojo inamkuta tena mwenzi wake kalsiamu, wanashikana mahali pabaya, na hilo ndilo jiwe. Wakati mwingine hakuna jiwe hata moja: chembe ndogo za oksaleti hutapakaa ndani ya nyama ya figo na kuifanya kovu bila maumivu yoyote.

Mantiki hii ina kipengele ambacho wanafunzi wa udaktari hukisahau kwenye mtihani. Ili oksaleti ipenye, utumbo mpana lazima uwepo. Mtoto aliyeondolewa utumbo mpana na kuwekewa mfuko tumboni hana hatari hii. Yake ni nyingine: maji na magadi vinavuja kwenye mfuko mchana na usiku, mkojo unakuwa mchache na mchachu, na humo huota mawe ya asidi ya yuriki. Kwa jua la Dar es Salaam mwezi wa Februari, mtoto mwenye mfuko anaweza kukaukiwa kabla ya kengele ya mapumziko, na maji matupu hayamtoshi. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari, yaleyale ya ORS tunayowapa wanaohara.

Kuna bakteria anayeitwa Oxalobacter formigenes, aliyepewa jina mwaka 1985, ambaye riziki yake yote ni oksaleti. Anaishi matumboni mwa wengi wetu na kutusaidia bila kuombwa. Antibiotiki za mara kwa mara zinaweza kumfagia, na mtoto wa Crohn hunywa antibiotiki nyingi kuliko wenzake. Majaribio ya kumrudisha kwa vidonge hayajaleta matunda yaliyotarajiwa.

Jikoni, basi. Mchicha umejaa oksaleti, karanga zinayo, na chai ya rangi iliyokolea pia inayo. Mwongozo uliotafsiriwa kutoka nje utamwambia mama aache spinachi na almondi, ambazo hajawahi kuzinunua, na utanyamaza kuhusu mchicha na karanga zinazoliwa kila wiki. Lakini utamaduni wetu una dawa yake ndani. Chai ya maziwa inakuja na kalsiamu tayari ikombeni. Oksaleti inakamatwa kabla haijaondoka mezani. Mchicha uliochemshwa na maji yake kumwagwa hupoteza sehemu kubwa ya oksaleti iliyoyeyuka, ingawa bibi anayeamini kwamba vitamini zote zimo kwenye mchuzi atagomba. Kosa baya zaidi ni kumkataza mtoto maziwa kwa hoja kwamba mawe yanatokana na kalsiamu. Hapo unamnyima oksaleti mwenzi wake wa utumboni na kumpeleka kwenye figo. Na mtoto huyuhuyu, kwa sababu ya prednisoloni, mifupa yake ilishahitaji kalsiamu hiyo. Kama maziwa yenyewe yanamharisha, mtindi au dagaa watafaa, alimradi waliwe pamoja na kile chakula chenye oksaleti. Vitamini C ya dozi kubwa inayouzwa kwenye makopo nayo hugeuka oksaleti mwilini, na huyu hafai kupewa.

Mengine yapitwe kwa haraka. Uvimbe wa Crohn upande wa kulia unaweza kuukandamiza mrija unaotoka figo ya kulia, mkojo ukajaa nyuma na figo ikavimba. Altrasaundi huliona hilo kwa dakika chache. Utumbo unaweza kutoboka hadi kwenye kibofu, na mtoto akakojoa hewa; mwenyewe huona haya kulisema, yafaa aulizwe. Siklosporini, inayotumiwa kuuokoa utumbo mpana usikatwe, hubana mishipa ya figo na hutaka kiwango chake katika damu kipimwe mara kwa mara. Hata maandalizi ya kuchunguliwa utumbo yamewahi kuumiza: mwishoni mwa 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu dawa za kuosha tumbo zenye fosfati, kwa kuwa fosfati hiyo ilikuwa ikiganda ndani ya figo za baadhi ya wagonjwa. Kwa watoto siku hizi hupendelewa aina isiyo na fosfati. Na uvimbe ukiachwa miaka mingi bila kudhibitiwa, ini huzalisha protini ambayo hatimaye hutanda kwenye vichujio vya figo kama utando wa nta, na mkojo ukatoka na povu zito. Hali hii, amiloidi, ni nadra kwa watoto, na dawa za kisasa za kuzima uvimbe kama infliksimabu zimeifanya kuwa nadra zaidi.

Infliksimabu ni mfano wa jinsi hesabu hii inavyoweza kugeuka. Ipo taarifa ya wagonjwa wachache waliopata uvimbe wa vichujio wakiitumia, hivyo nayo si malaika. Lakini kwa kuwa inautuliza utumbo vizuri, huenda inaziokoa figo nyingi kuliko inazoziumiza. Kwa familia zetu nyingi bei yake inalimaliza swali kabla halijaulizwa.

Linalonivutia zaidi katika suala zima ni ugonjwa mmoja wa vichujio unaoitwa nefropathi ya IgA. Jean Berger na Nicole Hinglais waliueleza Paris mwaka 1968, na ndio uvimbe wa vichujio unaokutwa mara nyingi zaidi kwa wagonjwa wa maradhi haya ya utumbo. IgA ni kinga inayotengenezwa zaidi kwenye kuta laini za mwili, utumbo ukiwa kiwanda chake kikuu. Inapotoka ikiwa na kasoro, huelea kwenye damu na kunasa kwenye vichujio vya figo. Mtoto anapata mafua au tumbo linachacha, na kesho yake mkojo una rangi ya kokakola. Mwaka 2014 uchunguzi wa jeni za maelfu ya watu ulionyesha kwamba sehemu kadhaa za urithi zinazohusika na nefropathi hii ndizo zilezile za maradhi ya uvimbe wa utumbo. Kisha ikaja hatua ambayo miaka 30 nyuma ingechekwa. Budesonidi, iliyokuwa ikitumika kwa Crohn, ilifungwa upya ili iachiliwe pale mwisho wa utumbo mwembamba, na Desemba 2021 ikaidhinishwa Marekani kwa watu wazima, kutibu figo. Mgonjwa hana shida yoyote ya tumbo, na anatibiwa tumbo ili figo zipone. Baada ya hapo ni vigumu kuendelea kusema kwamba figo za mtoto wa Crohn ni idara nyingine.

Ila hospitalini ni idara nyingine. Daktari wa utumbo ana chumba chake, wa figo ana jengo lake, na mtoto anapelekwa kwa wa pili baada ya kreatinini kuvuka mstari uliochapwa pembeni, mstari ambao tumeona ulichorewa nani. Kijiti cha kupimia mkojo ni rahisi na kinafaa, lakini kinatambua hasa albumini, protini inayovuja vichujio vikiumia. Protini za mirija iliyoumia kinaziacha zipite. Kijiti safi hakimwachii huru mtoto wa mesalazini. Kikionyesha sukari kwenye mkojo wa mtoto ambaye sukari yake ya damu ni sawa, hapo mirija inaongea, na wengi huacha kusikiliza baada ya kuondoa shaka ya kisukari. Kipimo cha sistatini C, kisichotegemea misuli, kingesaidia kwa mtoto aliyekonda, isipokuwa prednisoloni nayo hukipandisha. Yaani mtoto ambaye angekihitaji zaidi ndiye ambaye kinaweza kumsingizia. Presha ya mtoto isipimwe kwa mkanda wa mtu mzima, kwa kuwa mkanda mpana kwenye mkono mwembamba husoma chini.

Hivyo hakuna kipimo kimoja kinachoaminika, na kinachobaki ni kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Kreatinini na mkojo kabla ya kidonge cha kwanza, tena baada ya miezi michache, tena na tena katika mwaka ule wa kwanza, kisha angalau kila mwaka. Kreatinini iliyotoka 45 ikafika 62 ni habari, ingawa hakuna hata moja iliyovuka mstari wa juu. Hii haihitaji mashine mpya. Inahitaji namba ya kwanza iwepo, na hiyo ndiyo inayokosekana, kwa kuwa siku ile mtoto alikuwa akitokwa na damu na kila mtu aliyekuwa chumbani alikuwa akitazama utumbo.

Miaka inapita, mtoto anafika 18 na faili lake linahamia kliniki ya wakubwa. Daktari wa huko anafungua ukurasa wa kwanza kutafuta figo zilianzia wapi. Uzito upo kila ukurasa, kwa sababu dozi za watoto hukokotolewa kwa kilo. Kreatinini ipo mara moja moja, na neno "kawaida" pembeni yake. Urefu haujaandikwa, na bila urefu ile hesabu ya 36.5 haifanyiki.